Siku Niliposema Tosha

Jumatatu, 16 Oktoba 1961

Kengele, misa, fagio. Zamu yangu wiki hii ni veranda ya darasa la mazoezi. Vumbi jekundu. Ukilifukuza asubuhi, mchana limerudi na jamaa zake. Kisha uji, kisha Kifaransa, kisha somo la kufundisha, kisha maharagwe. Jana maharagwe. Kesho sina shaka.

Shule imechelewa kufunguliwa. Mwezi uliopita risasi zililia hapa Likasi, askari wa Katanga na askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, na wazazi wengi hawakutaka kuachia binti zao. Tulipofika tulikuta kioo kimoja cha bwalo kina tundu. Hakuna aliyetueleza. Tunakula chini ya tundu hilo na hakuna anayeliuliza.

Naandika hapa kwa Kiswahili bora, kile cha vitabu vya wamisionari. Nyumbani Shituru, ambako ndiyo ni njo na mimi ni minye, nikisema hivi ndugu zangu wataanguka kwa kucheka. Lakini ndicho tutakachofundishia watoto wadogo, lazima nizoee. Daftari halicheki.

Jambo baya: kule Shituru nilikuwa wa kwanza darasani. Hapa kila msichana alikuwa wa kwanza kwao. Jambo baya zaidi: mwaka wa kwanza ni wa kujaribiwa. Mwezi wa Juni kila mmoja atafundisha somo moja mbele ya wote. Ukipita unaingia deuxième, ndivyo tunavyouita mwaka wa pili. Ukianguka unafunga sanduku.

Jirani yangu wa kitanda ni Anastasie. Mrefu, anakoroma, anaanza kucheka kabla hajamaliza kusema. Wazazi wake ni watu wa Kasai. Siku hizi mtu wa Kasai hana amani katika mji huu, nao wamekimbilia kambi ya wakimbizi kule Elisabethville. Watawa wakamwomba baba yake amwache binti asome. Akamwacha. Sijui kama baba yangu mimi angeweza.

Alhamisi, 2 Novemba 1961

Kusoma kwa sauti. Nilisimama, nikafungua kinywa, sauti ikatoka nyembamba kama uzi halafu ikakatika. Ma Sœur, mtawa anayetufundisha kufundisha, alisema: "Monique, walio nyuma hawakusikii. Walio mbele pia." Wote wakacheka. Anastasie naye alicheka, nilimwona.

Najua kila kitu kilichokuwa kwenye ukurasa ule. Kichwani mwangu nazungumza vizuri sana. Kinywa ndicho kinanisaliti.

Baba amesema wazi. Mwaka mmoja. Nikianguka, naenda Kambove kwa shangazi kulea watoto wake. Tayari ana wanne na tumbo liko mbele. Shangazi nampenda. Watoto wake nawapenda. Lakini nikiingia nyumba ile sitatoka, nitavaa kitambaa cha jikoni mpaka uzeeni. Sitaki. Nimeandika tena ili nijue: sitaki.

Ijumaa, 24 Novemba 1961

Nitaandika yote, maana kesho nitajidanganya kwamba haikuwa mbaya hivyo.

Leo somo langu la kwanza la majaribio. Darasa la kwanza, hesabu, kutoa. Wanafunzi wenzangu wamekaa nyuma na Ma Sœur katikati yao na kalamu yake nyekundu. Nilikuwa nimekariri kila neno kwa Kiswahili bora kabisa. Niliingia, nikasalimu, watoto wakaitika. Vizuri. Nikachora machungwa ubaoni. Vizuri. Kisha watoto wakaanza kubishana kama yale ni machungwa au mawe. Kelele ikapanda. Sauti yangu ni uleule uzi. Nikasema, "Basi." Hawakusikia. Nikaona Ma Sœur anaandika. Nikaingiwa na woga, nikakusanya pumzi zote nilizonazo, nikapiga kelele kama kitabu kinavyofundisha:

"Tosha!"

Mungu wangu. Katika kitabu maana yake imefika, acheni. Lakini sisi watu wa hapa kutosha ni kutoa kitu kilipo. Tosha viatu. Tosha mkono mu sahani. Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo hivyo tangu nijue kusema! Kiswahili bora kilikuwa kimenijaa kichwani hata nikasahau lugha ya mama yangu.

Darasa lote likanyamaza. Kisha likatii. Vibao vikatoka, vipande vya chaki, mihogo ya kuchoma, shanga, kumbikumbi wakiwa hai ndani ya karatasi. Kumbikumbi wakaruka. Mmoja akavua viatu kwa usalama. Na msichana mmoja mdogo, mstari wa mbele, jino lake la maziwa lilikuwa linacheza tangu asubuhi. Akaingiza vidole, akavuta, akasimama na damu kidevuni na uso wa furaha.

"Mwalimu, ulisema tosha, njo nimetosha."

Wenzangu walilia kwa kucheka. Ma Sœur hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Baadaye kritiki. Desturi ya hapa: kila mmoja anasimama, anataja jambo moja zuri la somo na moja baya. Mabaya yalimiminika. Zuri halikupatikana. Mmoja alisema nguo yangu ilipigwa pasi. Mwishoni Anastasie akasimama, na mara hii hakucheka. "Batoto balimusikia," alisema. "Balifanya yote vile alisema."

Ma Sœur alimtazama. Halafu akaandika.

Jumamosi, 25 Novemba 1961

Jina langu jipya ni Tosha. Hata mpishi ananiita hivyo. Nawachukia wote.

Jumapili, 26 Novemba 1961

Siwachukii wote.

Jumapili, 10 Desemba 1961

Vita Elisabethville. Ndege zimepita juu tangu juzi. Zikipita Ma Sœur anasimama katikati ya sentensi, anangoja, kisha anaendelea kutoka neno lilelile. Mkate hakuna. Anastasie hali kitu. Kambi ya wazazi wake iko kulekule kunakopigwa.

Leo baada ya misa wazazi walijaa uani. Masanduku yakatoka moja baada ya jingine. Baba naye alifika, kwa baiskeli, bado na shati la kazi, maana alitoka moja kwa moja kiwandani. Alisema mama yangu halali. Alisema twende. Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana ilikuwa ngumu.

Nilimwambia nataka kubaki. Sauti ilitetemeka mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia nikiondoka leo nimeshaanguka, Juni haitaningoja, ni Kambove. Akanitazama kama anayetafuta mtu fulani usoni mwangu.

"Njo weye unataka vile?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi ubakie. Mama yako minye nitamuambia." Akapanda baiskeli. Kwenye lango akageuka akasema kwa sauti ya kiwandani, uani kote wasikie: "Lakini ukule!"

Nilikula. Nikampelekea Anastasie sehemu yake na nikakaa mbele yake mpaka amalize.

Jumatano, 17 Januari 1962

Wazazi wa Anastasie wako hai. Padri mmoja alipita kambini akaleta neno. Tumeimba jioni nzima mpaka tukaamriwa kunyamaza.

Bweni lina nafasi sasa. Wengi hawajarudi baada ya Krismasi. Tuliobaki tunajuana hata miguu gizani.

Anastasie amegeuka mwalimu wangu na hana huruma. Kila alasiri, mvua ikikatika, tunakwenda uwanja wa kuanikia nguo. Ananisimamisha upande mmoja, yeye anakwenda upande wa pili, mashuka yanapigapiga katikati. Nimsimulie chochote. Namna ya kupika sombe, yale majani ya muhogo. Ugomvi wa majirani zetu wa Shituru. Asiposikia anaanza kuokota vijiti na kujenga nyumba chini, kana kwamba mimi sipo. Inaniudhi kupita kiasi.

Nikapiga kelele. Akasema hapana, kelele anazo kila mtu, hata punda. Chagua mtu mmoja wa mwisho kabisa na umwambie yeye tu. "Weye unasemeshaka ubao," alisema. "Ubao haina na masikio."

Ni kweli. Siku ile nilikuwa nasemesha ubao, kitabu na kalamu nyekundu. Watoto sikuwaona.

Jumanne, 13 Machi 1962

Orodha ya niliyopata mpaka sasa, maana mama aliuliza Jumapili nikakosa jibu. Kuandika ubaoni bila mstari kuteremka kama mto. Kukosolewa bila kulia, mara nyingi. Kulala karibu na mtu anayekoroma. Kufundisha wimbo wa kuhesabu kwa watoto wa darasa la mazoezi, kila Ijumaa. Naiona ni ndogo sana. Nilidhani kufikia sasa ningekuwa mtu mwingine.

Kisha leo, bombani. Msichana wa kutoka Kakanda alisema watu wa Kasai wachote mwisho, na afadhali waende kuchota kwao. Anastasie alishusha ndoo akasogea nyuma, kimya. Anastasie! Yule ambaye hana kimya.

Nikajibu. Sikujiandaa. Nilisema maji haya hayana kabila, na kama yana kabila basi tuanze kuulizana babu zetu hapa, maana nusu yetu mababu walikuja kwa kazi ya kampuni ya migodi kutoka kila pembe. Sauti ilitetemeka lakini ilifika. Nilijua imefika kwa sababu mpishi alitoka jikoni kuangalia. Msichana wa Kakanda alinisonya. Anastasie alichota wa kwanza, huku anacheka, na akanimwagia nusu ya ndoo.

Jumatatu, 21 Mei 1962

Anaondoka.

Padri yule yule alileta habari. Watu wa kambi wanarudishwa Kasai kwa treni, kundi kwa kundi, na zamu ya familia yake inakaribia. Baba yake anataka watoto wote mkononi. Gari la misheni linakwenda Elisabethville kesho alfajiri.

Wiki tatu kabla ya somo la Juni. Hata yeye mwenyewe hatafundisha lake, na ni yeye aliye bora kuliko sisi sote. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Treni? Mawaziri? Baba yake, anayetaka mtoto wake tu?

Nilimwambia sitaweza. Nilikuwa nimemchagua yeye kuwa yule mtu wa mwisho kabisa, angekaa nyuma kwenye kritiki na ningemwambia yeye. Akasema nimekuwa mvivu, nitafute mwingine. Kisha tukalia kama watoto.

Jumanne, 22 Mei 1962

Bweni kimya. Silali kwa sababu hakuna anayekoroma.

Jumatano, 13 Juni 1962

Baridi. Asubuhi nyasi ni nyeupe na vidole havishiki chaki.

Masomo yamegawanywa. Wenzangu wamepata mto, familia, mbuzi. Mimi: hesabu, kutoa. Darasa lilelile! Nilimtazama Ma Sœur nione kama anatania. Hakutania. Nimefikiri mchana kutwa, ni ukatili au ni kitu kingine. Bado sijaamua.

Kesho ni kesho. Deuxième au Kambove.

Alhamisi, 14 Juni 1962

Niliingia. Wakaniona, wakaanza kunong'ona, na nilijua wananong'ona neno gani. Nilikuwa nimeandaa salamu ndefu nzuri. Nikaiacha.

Nikawauliza: mnanikumbuka? Wakapiga kelele, Tosha! Nyuma wenzangu wakaanza kucheka, nami nikawaacha wacheke mpaka waishiwe. Kisha nikasema, vizuri. Sisi hapa tunasema kutosha. Kitabu kinasema kutoa. Leo tutafanya kitu kimoja chenye majina mawili. Nikamwita mmoja mbele na mbegu za maharagwe mkononi. Tosha mbili. Akatosha. Nikasema: ametoa mbili. Wote wakasema. Tena. Mwingine. Walikuwa wanageuza wenyewe kufikia katikati ya somo, mmoja akisema tosha wengine wanajibu toa, wanacheka kama mchezo.

Mtu wa mwisho kabisa nilimchagua mtoto wa karibu na mlango, mwenye mafua, anayeangalia nje. Nilimwambia yeye tu. Alipoacha kuangalia nje nilijua.

Kisha msichana wa jino, jino jipya limeota nusu, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na ukitosha tano mu tatu?"

Nikasimama. Nilijua haiwezekani, lakini nilijua pia kwamba siyo jibu lote, nimeona kitu cha namna hiyo katika kitabu cha wakubwa na sikukielewa. Mwezi wa Novemba ningepiga kelele anyamaze. Nilisikia kalamu nyuma.

Nikasema: sijui namna ya kukueleza. Nitauliza, nitarudi nikuambie.

Akasema sawa. Tukaendelea na maharagwe.

Katika kritiki mmoja alisema mwalimu hapaswi kukiri mbele ya watoto kwamba hajui. Wengi wakatikisa vichwa kukubali. Ma Sœur alifunga kalamu. Naamini nimeanguka. Nimeandika bila kulia. Hiyo nayo niiweke kwenye orodha.

Ijumaa, 15 Juni 1962

Nilikwenda kumwuliza Ma Sœur, maana niliahidi. Akanieleza kwenye karatasi: kuna namba zilizo chini ya sifuri, ngazi zinazoendelea kushuka. Nikaelewa. Mapumzikoni nikamtafuta yule msichana. Nikamwambia kuna ngazi chini ya sifuri, kama za kushuka kisimani, na tano ukiitosha katika tatu unafika ngazi ya pili chini ya ardhi.

Akafikiri. Akauliza kama kule chini kuna giza. Nikasema kidogo.

Nilipogeuka Ma Sœur alikuwa dirishani.

Jumamosi, 30 Juni 1962

Walisoma majina. Tulisimama uani na wazazi nyuma yetu. Wanaopita tu ndio wanaotajwa. Nikasikia jina baada ya jina na halikuwa langu. Baba alikuwa na kofia mkononi. Nikaanza kufikiri namna ya kufunga sanduku.

"Monique Kisimba."

Sikuitika. Msichana wa Kakanda, naam yeye, akanisukuma mgongoni.

Baadaye Ma Sœur aliniita. Mwandiko wangu mbaya. Muda siupimi. Machungwa yangu bado ni mawe. Sauti inafika mlangoni. Na kwamba somo langu, kwake yeye, lilimalizika Ijumaa mapumzikoni, siyo Alhamisi. Aliyasema yote kwa sauti moja, kama anasoma bei za sokoni. Nilitaka kumkumbatia. Sikuthubutu.

Baba alivaa kofia, akaivua, akaivaa. Akasema shangazi atafute mtu mwingine. Mama analia toka saa hiyo, kwa furaha, na kwa sababu ndiyo tabia yake.

Nina furaha kubwa. Na mtu niliyetaka kumwambia kwanza hayupo. Barua haziendi Kasai, posta imesema wazi.

Jumapili, 8 Julai 1962

Nyumbani, Shituru.

Jirani yetu anafanya kazi relini. Jana aliniambia treni ya watu wa Kasai inapita leo baada ya misa, inapunguza mwendo kwenye ishara karibu na nyumba zetu. Hajui familia ipi iko ndani. Nilikwenda hivyo hivyo. Mama akanifuata, na shali yake, kwa sababu hanipi ruhusa wala haninyimi.

Watu walikuwa wengi kandokando ya reli. Wengine waliaga jirani zao wa zamani. Wengine walitukana. Wengi walisimama tu na mikono nyuma.

Ikaja polepole. Mabehewa marefu, vichwa madirishani, masufuria yamefungwa juu ya mabunda, askari wa ONU wenye kofia za buluu milangoni. Niliangalia kila uso. Sikumwona. Behewa la tatu, la nne. Nikaita jina lake. Mama akanishika mkono: "Nyamaza, batu banakuangaria." Waangalie. Nikamtafuta mtu mmoja, mama mzee kwenye dirisha la mbele yangu, na nikamwambia yeye, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Mama! Anastasie wa shule ya watawa! Mwambieni Monique amepita!"

Mama mzee akaniangalia. Kisha akageuka, akapeleka neno ndani. Nikasikia linapokewa dirisha la pili, sauti ya mwanamume, kisha ya mtoto, Anastasie, Anastasie, Monique amepita, likikimbia kuelekea nyuma kutoka behewa moja hadi jingine mpaka magurudumu yakalimeza.

Nikatembea sambamba na treni. Kisha nikakimbia kidogo. Mwendo ulikuwa unaongezeka. Neno likarudi, kwa mdomo wa mtu nisiyemjua, kijana aliyetoa nusu ya mwili dirishani.

"Anasema na yeye anaingia mu deuxième! Kule kule ku Kasai!"

Akacheka, bila kujua anachekea nini. Nikasema asante. Sidhani alisikia, na haidhuru.

Tulisimama na Mama mpaka reli zikaacha kutetemeka. Njiani alinivika shali yake, maana upepo ulikuwa wa baridi, na tulipofika nyumbani tulichuma sombe tukaanza kutwanga.